Beseni la Meneja

12 Februari

Shangazi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: ukipiga simu huwa nakimbilia bafuni, nafungua bomba, nasubiri mpaka mmalize kuongea. Mama anadhani naoga. Wiki moja nilioga mara tano.

Shikamoo. Nimeanza na hayo kabla ya salamu, unisamehe, ningesalimia kwanza ningeghairi. Si kwamba sikupendi. Mama huweka simu sauti ya juu, wote wanasikiliza, na mimi maneno yananikwama kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji. Kwa barua naweza. Shuleni tunaandika kila kitu kwa lugha ile nyingine, na kwa lugha ile mimi ni mtu mwenye akili sana ambaye hana kwao. Ya nyumbani hayaingii humo. Kwa hiyo nakuandikia kwa hii.

Sisi wazima. Baba amepata kazi ya milango kumi na miwili, karakana imejaa mbao mpaka anatoka kwa ubavu. Mama na cherehani yake kama kawaida, mguu wa kulia unamvimba, lakini ukimwambia apumzike anauliza, "Nikapumzike wapi?" Njiti hajambo.

Sasa shida yangu ni Meneja. Ulinipa paka huyu akiwa wa kuenea kwenye kofia. Leo ukimbeba mkono unakufa ganzi. Bado anakagua vyumba vyote kila asubuhi, ndiyo maana jina halimtoki. Miaka minne hajawahi kukosea beseni lake la haja. Lakini tangu katikati ya Januari ana vituko. Anapanda ukingo wa beseni kwa miguu yote minne, amejikunyata, kama mtu anayeogopa kukanyaga matope. Akimaliza hafukii. Anakwaruza ukuta, anakwaruza ndoo, anakwaruza hewa, kisha anatoka mbio mpaka sebuleni kama ameiba. Na mara tatu sasa ameliacha beseni kabisa, akaenda kukojoa kwenye godoro la Njiti.

Langu hajaligusa, Shangazi. La Njiti tu. Mama anasema paka ana wivu, anamfukuza mgeni. Baba anasema mambo ya wivu hayajui, yeye anajua nyumba inanuka. Akikojoa ovyo tena, anampeleka kwa mlinzi wa ghala la mbao akakamate panya huko. Na Baba akisema amesema.

Wewe ni mganga wa mifugo. Najua paka si ng'ombe, lakini nisaidie. Hivi kweli paka anaweza kumwonea mtu wivu?

Binti wa kaka yako


3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, viatu vya mpira miguuni. Ya bafuni nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Basi tuandikiane, bomba lipumzike.

Huku ni mzima. Wiki hii tumezalisha ndama kumi na mmoja. Mmoja alikuja kwa miguu ya nyuma, tukavutana naye tangu asubuhi mpaka saa sita, na sasa mkono wangu hauinui hata kikombe. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama matangi ya maziwa. Nimeyazoea.

Turudi kwa mgonjwa. Nakuuliza kama ninavyowauliza wafugaji, ujibu bila kuona haya. Anajikamua muda mrefu na kutoa matone tu? Kuna damu? Analia? Kama ndiyo, usisubiri jibu langu, mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo. Paka dume akizibwa mkojo hana siku nyingi. Kama hapana, ugonjwa uko kwenye beseni, si kwenye paka.

Anapanda ukingo kwa sababu anachokikanyaga hakitaki. Anakwaruza ukuta kwa sababu anataka kufukia, ila hataki kukigusa. Mbio za baada ya haja mwachie, wapo paka wazima wenye tabia hiyo. Sasa fikiri vizuri: Januari mlibadilisha nini? Mnamwekea nini humo? Mnaliosha kwa sabuni gani?

Na godoro la Njiti, nadhani liko chini. Wifi aliniambia kitanda bado. Kwa paka godoro la chini ni beseni kubwa, laini, linalofyonza. Akishalikojolea mara moja, ile harufu inamwita arudi. Lioshe kwa siki na maji, lianike juani likauke kabisa, halafu lipanguse kwa maji ya ndimu. Paka haiwezi harufu ya ndimu. Akinusa anageuza.

Umeuliza kuhusu wivu. Paka hakojoi kwa kinyongo, mwanangu. Hayo tunamvisha sisi.

Kurasa mbili umeniandikia, na mtoto niliyemzaa nimemkuta humo kama mwenye godoro. Analala? Anakula? Anacheka? Nieleze.

Shangazi yako


25 Machi

Shangazi, shikamoo.

Baba, Mama, wote wanakusalimu. Milango minane imeshatoka, imebaki minne.

Umepatia kama ulikuwa umejificha chini ya sinki. Hana damu, halii, anakojoa vizuri tu, ila si mahali pake. Na tulibadilisha kweli. Jirani alipomaliza kujenga mchanga uliisha, Baba akaanza kuleta maranda ya karakana. Mbao za milango hii ni nyekundu na zina harufu kali, hata mimi nikiinamia beseni napiga chafya. Nilipomsomea Baba barua yako alinuna. "Watu wanasifia harufu hii, paka anaikataa! Tena paka mwenyewe wa bure!"

Nikaenda kuomba mchanga kwa mfyatua matofali. Tangu siku hiyo Meneja anaingia na miguu yote, anachimba shimo kama anapanda mti, anafukia mpaka ananimwagia machoni. Siku kumi na mbili hajakosea. Godoro nililiosha mwenyewe, na ndimu nikapangusa.

Umeuliza habari za Njiti. Analala. Anakula. Anacheka, tena sana, hasa Mama akiwepo. Jumapili Mama alimsuka. Mama anakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma na anayesukwa anakaa ngazi ya chini, katikati ya magoti yake. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa pale. Mwaka jana nilimwambia nimeshakua, nitajisuka mwenyewe, akasema, "Haya." Nilitegemea abishane kidogo.

Njiti anajua kusimulia. Alikuwa anaigiza ng'ombe wako aliyekanyaga simu ya bosi, na Mama akacheka mpaka kitana kikamtoka. Meneja alikuwa amelala juu ya miguu ya Njiti. Mimi nilikuwa ndani nakunja nguo. Shati moja nililikunja mara nne.

Basi, ndiyo habari zake hizo. Hajambo.

Binti wa kaka yako


21 Aprili

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu. Ningesema ni kazi, na kazi kweli ipo, lakini si hiyo.

Njiti ameniandikia. Barua yenyewe nusu ukurasa. Nusu nyingine amechora paka mwenye tai. Anasema Meneja amerudia, mara mbili ndani ya wiki moja, na kwamba yeye mwenyewe amehamishiwa kwenye kochi la sebuleni mpaka godoro likauke. Wewe hilo hukuniandikia. Pia ameandika, "Mama amenigombeza kwa kuacha mlango wazi." Nikakaa nikijiuliza nilimgombeza lini, na kuhusu mlango gani, mimi niliye mbali hivi. Nilimaliza kusoma barua yote ndipo nikaelewa ni mama yupi.

Nikaiweka kabatini. Imekaa siku tano. Wifi yangu ni mtu mwema, nami ndiye niliyemwomba amlee. Ana haki ya kumgombeza. Sina la kuongeza hapo.

Turudi kwa Meneja. Mchanga ni uleule, beseni ni lilelile, godoro lilisafishwa. Paka hawezi kurudia bila sababu. Fanyeni hivi. Wekeni mabeseni mawili, moja pale pa siku zote, moja kona nyingine ya nyumba. Yote mchanga mtupu, yaoshwe kwa maji matupu. Kwa siku saba andikeni asubuhi na jioni: ameingia lipi, amefukia au hajafukia, mchanga unanukaje. Wewe andika karatasi yako na Njiti aandike yake, msioneshane. Hivi ndivyo tunavyofanya hapa ndama wakikataa maziwa. Macho mawili yanachoka, manne yanasaidiana.

Mwambie kaka asimpeleke paka popote kabla sijasoma.

Shangazi


10 Mei

Shangazi, shikamoo. Tunaendelea vizuri. Mguu wa Mama una nafuu. Milango imeisha yote.

Majibu ya siku saba ni haya. Beseni la kwanza: aliingia siku ya kwanza tu. Beseni la pili: hakuingia kabisa. Kufukia: hakufukia. Harufu ya mchanga: ya kawaida. Godoro: mara mbili. Nyuma ya kochi: mara moja.

Baba amesema mwezi ukiisha Meneja anaondoka. Tayari ameshaongea na mlinzi wa ghala. Mama amejaribu kumtetea, akajibiwa, "Nimevumilia tangu Januari, pua yangu si ya chuma."

Labda kuna paka wanaoharibika tu. Labda wapo hao, ila hujawahi kukutana nao.

Karatasi ya Njiti nimeitia humuhumu. Sijaisoma, uliagiza tusioneshane.

Binti wa kaka yako


24 Mei

Mwanangu,

Nimepata karatasi zote mbili nikazitandaza kitandani. Yako imeandikwa kwa rula, mistari imenyooka. Ya Njiti ina doa la chai. Mara za kukojoa zinalingana. Yasiyolingana ni ya harufu. Wewe umeandika "ya kawaida" mara kumi na nne. Yeye siku ya pili ameandika hivi: "Beseni zote mbili zinanukia ndimu. Labda Dada anaua vijidudu." Siku ya tatu: "Ndimu." Kuanzia siku ya nne hakuandika harufu tena mpaka mwisho.

Sikuulizi kitu. Nakueleza tu nilichokiona, kama ninavyomweleza mfugaji, halafu namwacha na ng'ombe wake.

Ila nikwambie na langu, maana wewe uliniambia la bafuni. Mwezi wa tatu wifi aliniandikia kwamba Njiti amerefuka, akasema, "mwanangu huyu viatu vinamkataa." Mwanangu huyu. Siku hiyo nilikwenda dukani nikamnunulia viatu Njiti, vizuri, vyekundu, na sikuvituma. Nilihesabu: vikifika atavivaa mbele ya wifi, wifi atamfunga kamba, atamsifu. Vipo hapa chini ya kitanda. Sasa hivi vitakuwa vimeshakuwa vidogo. Kwa hiyo usidhani nakutazama kutoka juu.

Mkataba wangu wameuongeza mwaka mmoja, nami nimekubali. Sababu zake ni zangu. Nilimwahidi Njiti nitakuja mwezi wa sita, na leo hii namwandikia kwamba siji. Barua zenu zitafika pamoja. Mtazame anapoisoma. Mimi siwezi.

Shangazi


14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Salamu ni fupi leo kwa sababu nikizunguka nitaishia kwenye mguu wa Mama na milango ya Baba, niifunge bahasha bila kusema.

Ni mimi. Ndimu ni mimi.

Jumapili ya mwisho ya Machi nilikata ndimu, nikakamulia kwenye mchanga nusu yake, nikakoroga kwa kijiti. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba paka haiwezi, ila wewe ulisema kwenye godoro. Meneja alikuja akanusa, akarudi nyuma, akanitazama kama mtu aliyekuta nyumba yake imebadilishwa kufuli. Nikaenda nikaufungua mlango wa chumba. Basi. Sikumbeba kumpeleka. Nilijiambia hivyo siku nyingi, kwamba sikumbeba.

Mama alimgombeza Njiti kwa sababu ya mlango. Njiti akahamia kwenye kochi. Jumapili iliyofuata Njiti alikuwa nje anasugua godoro, na Mama akaniita, "Njoo basi nikusuke wewe, kichwa kimekuwa kama kiota." Nikakaa ngazi ya chini. Magoti yake yalikuwa na joto lilelile. Shangazi, ilikuwa siku nzuri. Sitaki kukudanganya kwamba niliumia. Nilifurahi, na ndimu ilipoisha harufu nikakata nyingine. Kwenye lile jaribio lako nilikamulia mabeseni yote mawili.

Wivu wangu ulikuwa hivi: ningemtoa Njiti kidogo tu, asogee, nipate pa kukaa. Sikufikiria kwamba atakayefukuzwa ni Meneja. Baba alipoleta boksi lililotobolewa matundu, tarehe thelathini na moja, ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Nikasimama pale sebuleni nimeshika kifuniko. Nilitaka kusema.

Aliyesema ni Njiti.

"Mjomba, si paka. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye ninayejikojolea. Huwa nasingizia Meneja."

Baba akaliweka boksi chini. Mama akauliza, "Mara zote?"

"Mara zote."

"Na nyuma ya kochi?"

Njiti akafikiri kidogo. "Nilikuwa nimelala kwenye kochi, Mama."

Ana miaka kumi na moja, Shangazi, na alisimama na soksi moja mbele ya watu wote akasema hayo. Mama alijiziba mdomo. Halafu akamvuta, akamkumbatia, akawa anampapasa mgongo, "Mwanangu, mbona hukuniambia, mbona hukuniambia." Baba alikwenda karakana na boksi lake, akaona haya kutazama mtu.

Na unajua mimi niliona nini? Wivu. Hata hapo. Nilisimama na kifuniko changu nikamwonea wivu kwa uongo wake. Kwa sentensi moja alipata kukumbatiwa na akapata kuwa mwema, na mimi hata ukweli wangu umenishinda.

Siku ya pili tulikuwa tunaanua nguo. Nikamuuliza kwa nini alidanganya.

"Meneja angeondoka."

"Si paka wako."

"Najua." Akabana vibanio viwili mdomoni, akavitoa. "Mimi najua mtu akiondoka nyumba inakuwaje. Wewe hujui, Dada."

"Na ndimu uliijua?"

"Mimi nina pua."

"Mbona hukusema?"

"Ungenichukia zaidi."

Alisema hivyo akiendelea kukunja, bila hasira, kama anataja saa.

Barua zako mbili zilifika wiki iliyofuata, na nilimtazama kama ulivyoagiza. Aliisoma yake amesimama. Aliikunja ndogo sana, akaitia mfukoni, akaenda kumjazia Meneja maji. Kikombe kilijaa kikamwagika naye akaendelea kumimina. Hakulia. Ningependa kukuambia nilimshika mkono, lakini nilichukua tambara nikapangusa sakafu. Tulipangusa wote wawili.

Mabeseni nimeyaosha kwa maji matupu, mchanga ni mpya. Meneja hajakosea hata mara moja. Kila mtu anamsifu Njiti kwamba anajitahidi. Baba akimaliza kula anamwambia, "Hongera, bibie, leo tena kavu!" na Njiti anacheka, anasema, "Asante, Mjomba." Kisha masikio yanamwiva. Godoro lake limevikwa nailoni, akigeuka inaita chumba kizima. Chai ya jioni amekatazwa. Jirani wa kushoto keshajua, na mtoto wake amempa Njiti jina ambalo sitaliandika. Jumatatu Mama anampeleka kwa daktari. Atakwenda kuulizwa maswali, atavuliwa nguo, atapewa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, naye atajibu yote "ndiyo", najua atajibu.

Leo ni Jumamosi. Mara tatu nimekwenda kwenye cherehani ya Mama kumwambia. Mara ya kwanza nikaomba uzi. Mara ya pili nikaomba sindano. Mara ya tatu akaniuliza, "Unashona nini huko?" nikasema, "Kifungo." Shati halina hata kifungo kilichokatika.

Simu inanishinda, mdomo unanishinda. Kuandika tu ndiko ninakoweza, na huku kwenye karatasi nimeshaandika kila kitu, jina la kila siku na nusu ya kila ndimu. Nilikuwa nataka kuifunga hii kwa gundi, keshokutwa nimkabidhi karani wa shule kama zile nyingine. Ila ikifika kwako, Jumatatu itakuwa imepita zamani.

Shuka za Njiti zimekauka. Siku hizi Mama anamtandikia mwenyewe kila jioni, hataki yeye aone aibu, anainua nailoni, anapapasa chini kama kuna unyevu, ndipo anatandika. Barua hii ikikufikia, ujue ilipita kwanza mikononi mwake.

Nasikia miguu kwenye korido, ule mguu wa kulia unaoburuta. Anaimba kwa chinichini. Sina muda wa kutia sahihi. Naikunja, naificha chini ya nailoni, katikati, pale mkono wake unapoanzia kupapasa.